Mkeka Usiotiwa Taraza

Dada yangu,

Sina anwani yako. Karani wa posta ya Malindi alinicheka nilipomwambia nataka kumpelekea barua mtu aliyekwenda kufumua mikeka. Basi naiandika wazi, aisome kila mtu, huenda mmoja wao amekuona ukipita. Na kwa kuwa wageni wataisoma, usinune nikieleza mambo unayoyajua kuliko mimi. Uliondoka na maneno machache mno ukaniachia mimi kazi ya kuyajaza, na wewe wajua mdomo ndicho kitu pekee nilichokuzidi.

Nianze na Mama.

Mama hakusuka mikeka ya kuuza. Kwetu huku chini ya Garsen, pale mto unapojikunja kabla ya kushika njia ya baharini, kila mtu ana mkeka wake. Mtoto akishakaza shingo, msusi huja akaketi mbele yake akamtazama. Hambebi, hamchekeshi. Anamtazama tu, hata siku zipite, mpaka auone msuko wake. Hapo ndipo anapokwenda kukata makuti machanga ya mkoma, akachana miyaa, mingine akaizika kwenye tope jeusi ipate rangi, akaanza. Mkeka hukua na mwenyewe. Kila baada ya mavuno huongezewa ukili, ule utepe mrefu uliosukwa, ukashonwa kwenye wenzake. Na upande mmoja haumalizwi kamwe. Miyaa yake huachwa ikining'inia. Taraza, yaani upindo wa kufunga ukingo, haitiwi mtu akiwa hai. Hutiwa siku anapokufa, akazikwa nao. Ndiyo maana wageni wakilala kwetu husema sisi ni wavivu, hatumalizi kazi zetu.

Mama alipokufa, wewe ndiye uliyemtia taraza. Nilikuwa mdogo, ukaniambia nishike ncha nisiiachie. Alikuwa amekata roho asubuhi, wanawake wamekwisha kumwosha, nami niliona hakuna tena cha kungoja. Wewe ukasuka ukingo ule polepole, mchana kutwa, jasho linakutiririka puani hulipangusi. Ulipokunja mwaa wa mwisho, kuku wote uani walinyamaza kwa pamoja. Hata yule jogoo wetu mwenye makelele. Ukaniangalia ukasema, "Sasa ndiyo amekwenda." Nikakuuliza, na tangu asubuhi alikuwa wapi? Ukasema, "Alikuwa mlangoni."

Tangu siku hiyo mlango ule siupiti bila kukohoa kwanza.

Ukarithi kazi, kwa kuwa jicho lilikuwa lako. Mimi Mungu alininyima. Nilijua kuchana miyaa na kusuka ukili mweupe wa kawaida, basi. Wewe uliweza kumtazama mtu akila ugali wake na samaki, ukajua ni wapi pa kutia weusi na ni wapi pa kuacha nafasi. Mkeka wa Baba, ambao tangu Mama afe wewe ndiye uliyeuongezea ukili, ulikuwa na mawimbi yaliyokuwa yakipanda upande mmoja tu, na kila aliyeuona alisema, "Ni yeye huyo." Wangu ulinisukia ulipokuwa msichana tu, maana msusi hamsukii mwanawe, mapenzi huziba jicho, na Mama asingeweza. Mistari yangu ilikuwa minene, imepinda pinda, na kona moja ilikuwa inacheka. Nililia nikasema umenisuka vibaya. Ukasema, "Sikukusuka vibaya. Ndivyo ulivyo."

Wako haukuwako. Msusi wa kabla ya Mama alikwisha kufa ulipozaliwa, na Mama hakuweza kukuona kwa sababu alikupenda. Ulilala juu ya mkeka mtupu usio na msuko wowote, wa kuanikia mpunga. Mara moja nilikaa mbele yako nikakukodolea macho, nikikaza uso kama nilivyomwona Mama akifanya, nikakwambia tulia nikusukie. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Wewe na vidole hivyo vizito," ukasema, "utanisuka nitoke kama tenga la samaki." Nami nikacheka. Sikujua kwamba kulala juu ya mkeka usio wa mtu kulikuuma, kwa sababu hukusema.

Kisha ukaja mwaka ule mto ulipofura ukala mpunga wote, ukala na migomba, ukatuachia matope na mbu. Unakumbuka tulivyokuwa tukichimba mizizi ya yungiyungi kwenye maji yaliyosimama, tunaipika, tunajidanganya ni viazi? Ndipo alipokuja Salimu. Alikuwa mtu wa Malindi mwenye lori. Alipeleka shehena Hola akawa anarudi tupu, na lori tupu lilimkosesha usingizi. Alivuka kwetu kutafuta chochote cha kubeba, akaingia kwa Baba kuomba maji, akaona mkeka.

"Huu, mzee, wauzaje?"

Baba akasema kwa Kiswahili chake kile cha kuokota, "Huu ni mimi. Mtu hauzi yeye."

Salimu akacheka, mtu mwenye cheko zuri, sitamsingizia. Akakutazama wewe. Akasema basi binti na asuke mingine, wako Wazungu wamefungua hoteli pwani, wanapenda vitu vya mkono. Ila iwe imekamilika. Imefungwa pande zote nne. "Hawataki kitu kilichoachwa njiani. Kizuri chajiuza, lakini kisichokwisha hata bure hakichukuliwi."

Ulimkatalia. Akaja tena, ukamkatalia. Mara ya tatu Baba alikuwa amelala na tumbo tupu, amegeukia ukutani ili tusimwone uso, nawe ukatoka nje, ukakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, ukafikiri. Uliporudi macho yalikuwa yanang'aa. Nayakumbuka maneno yako kama ulivyoyasema: "Nitawasuka watu wasiokuwako. Asiyekuwako hafi."

Nilikupigia makofi, dada. Niliona ni akili ya ajabu. Taraza haiwezi kumfunga mtu ambaye hayupo, na Salimu atapata pande zake nne, na Baba atapata unga. Nani angeona ubaya hapo?

Na lazima nikiri ulifurahi. Sijakuona ukifurahi hivyo, si kabla wala si baada. Miaka yote ulikuwa ukisuka watu waliokwisha kuwa wao, huna la kuongeza. Sasa uliketi mlangoni na miyaa yako ukawa unawazua unaowataka, ukinisimulia huku vidole vinakwenda. Wa kwanza alikuwa mwanamume mrefu, anayeburuza mguu wa kushoto kidogo, aliyekuwa na ng'ombe wengi wakamwishia, na anayependa kusimama mlangoni bila kuingia. "Kwa nini haingii?" nikauliza. "Anaona haya," ukasema, ukatia mstari mweusi mwembamba kandokando. Wa pili alikuwa mwanamke mnene anayeongea na moto wake. Tulicheka sana na yule mwanamke. Nikasema tumpe jina, ukasema hapana, jina huita.

Ulipomtia taraza yule mrefu, kuku walinyamaza.

Tukaangaliana. "Wana usingizi," ukasema. Ilikuwa mchana, jua limesimama. Nikasema ndiyo, wana usingizi. Mtu mwenye njaa hukubali upesi.

Salimu alichukua mikeka, tukala. Mpaka leo siutukani ule unga. Lakini haukupita muda mrefu, tulikuwa tunatwanga uani, saa ile ambayo hata mbwa hawatoki kivulini, nikasikia kimya kimeingia uani kabla sijaona mtu. Nikageuka. Mwanamume mrefu alikuwa amesimama mlangoni. Hakuingia.

"Hodi," akasema.

"Karibu," ukasema wewe, na mchi ukabaki juu mkononi.

"Nimeambiwa hapa ndipo panapolaliwa."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu aliyetoka mbali. Nilimletea maji, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Alipokea kata, akaitazama, akanirudishia imejaa. Akachungulia sakafuni, pale ulipokuwa ukisukia, pamebaki vipande vya miyaa tu.

"Wangu umekwenda wapi?"

"Malindi," ukamjibu. Ulimjibu kwa upole, nami nilitaka kukupiga.

"Malindi ni njia ipi?"

Ukamwonyesha. Akashukuru, akaenda, mguu wa kushoto ukichora mstari kwenye vumbi. Nilicheka, kwa sababu kicheko ndicho kilichonijia. Nikasema atakuwa Muorma aliyepotelewa na ng'ombe, kuna watu wengi wanaochechemea duniani. Ukasema, "Wako wengi," ukarudi kutwanga.

Salimu akarudi na furaha yake. Mikeka imependwa, tena sana, ila wote wanataka ule mmoja, ule wa mistari myembamba. Wanataka iwe mingi, inayofanana, vyumba vipendeze.

"Mtu hafanani na mtu," ukamwambia.

"Mtu, la. Mkeka ndio," akasema Salimu, naye hakuwa na nia mbaya. Kwake ulikuwa mkeka.

Ukasuka. Nilikusaidia kuchana miyaa, nikawa nakuona unavyosuka bila kuangalia mikono, bila hadithi, bila kucheka. Mstari mwembamba, nafasi, mstari mwembamba. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini wewe hukulitia maji. Kila mmoja ulikuwa mzuri kama wa kwanza, sawasawa kabisa, na hilo ndilo lililoniogopesha. Kuku walinyamaza mara nyingi sana mwezi ule, hata nikaacha kusikia wakinyamaza.

Abdi ndiye aliyetuletea habari. Wasioijua Garsen wajue kwamba Abdi ni Msomali mwenye duka karibu na kivuko, mtu wa sala na mizani iliyo sawa, hasemi uongo hata wa kuchekesha. Nilikwenda kununua chumvi akaniita pembeni.

"Wewe dada, iko kitu mimi naona hapa, mimi napenda kuuliza. Mtu moja mrefu anasimama hapa mlango ya duka, mguu yake mbaya. Mimi nasema karibu, yeye hapana ingia. Sawa. Mimi naangalia kivuko, naona mtu ile ile anashuka. Huku mlango bado iko! Mimi nasema pacha. Wallahi, halafu naona ingine nyuma yake. Hiyo si pacha. Na yote nauliza swali moja: Malindi njia gani?"

Nilirudi nyumbani bila chumvi.

Nilikusimulia ukiwa umekaa mbele ya mtoto wa jirani yetu, mtoto wa kiume aliyekuwa amekaza shingo karibuni. Ulikuwa umemtazama kwa siku kadhaa. Mama yake alikuwa amejaa tumaini, maana aliwahi kupoteza wawili. Hukushtuka na maneno ya Abdi. Ulisema tu, polepole, ili yule mama asisikie: "Simwoni. Nikimtazama huyu mtoto namwona yule mrefu." Ukamwambia mama mtu kwamba miyaa haijakauka, asubiri. Ulikuwa hujawahi kumdanganya mtu juu ya miyaa.

Nilikuonea huruma siku ile kuliko siku zote za njaa. Jicho lako ndilo lililokuwa wewe. Bila hilo ungekuwa kama mimi, na kijiji hakina haja ya wawili kama mimi.

Safari iliyofuata Salimu alipokuja kuchukua mzigo, aliona mahali unapolala. Akasimama akatazama mkeka ule mtupu, akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kukuuliza.

"Na wako wewe u wapi?"

Uliendelea kumfungia mzigo wake.

"Fundi hana wake? Basi, nisukie huo. Huo sitautia hotelini. Huo nitampata mtu wa kuutunza."

Ningependa kusema alikuwa shetani, barua ingekuwa rahisi. Lakini alikuuliza kwa moyo mweupe, na uso wako ulibadilika ukawa wa msichana. Sisi watu wako tulikutaka utuone. Aliyekuja kununua ndiye aliyetaka kukuona. Mpaka leo jambo hilo sijajua niliweke wapi.

Ulikwenda mtoni kila siku jua likiwa juu, pale kwenye maji yaliyotulia nyuma ya matete, ukawa unainama kujitazama. Nilikufuata na fimbo nikikupigia kelele kuhusu mamba. "Mamba wananijua," ukasema bila kugeuka. "Wewe ndiye unayenisumbua." Nami nikakaa mbali kidogo na fimbo yangu, nikiona mgongo wako, na uso wako ndani ya maji ukinitazama mimi wakati wewe ulikuwa unatazama kwingine. Sikukuambia. Nilidhani ni jua.

Kisha ukasuka.

Mimi nisiye na jicho niliuona. Kulikuwa na njia nyingi zilizoanzia mahali mbalimbali, nyeusi na nyekundu, zikija zikikaribiana, na hapo katikati, zilipotakiwa kukutana, uliacha weupe wa ukubwa wa kiganja. Hapakuwa na kitu hapo. Nikaweka mkono wangu juu ya ule weupe, nikalia, sijui kwa nini. Nilisema, "Kumbe ndivyo ulivyo." Ukasema, "Nami ndiyo nauona leo."

Ukachukua miyaa ya taraza.

Nilikushika mkono. Unakumbuka nilivyokushika? Nikakuambia mpe Salimu hivyo hivyo, ukingo wazi, akikataa na akatae, tutakula yungiyungi.

"Wakati huu si mtu asiyekuwako," nikasema. "Ni wewe."

"Najua ni mimi," ukasema. "Nimechoka na vitu visivyokwisha. Nataka nione kimoja changu kimekwisha, kisha aende nacho. Ninyi hamkuniuliza."

"Nilikuuliza! Ukasema tenga la samaki!"

Ulicheka kidogo. Halafu ukanitoa mkono, taratibu, kidole kimoja kimoja, ukatia taraza. Sikushika ncha. Kuku walinyamaza, na jogoo, na mbwa wa jirani, na ule upepo uliokuwa kwenye mikoma. Salimu akaja, akaukunja kwa kitambaa safi, akakushukuru kwa adabu, akaondoka nao.

Kesho yake ulimpelekea Baba uji. Alipokea bakuli kutoka mikononi mwako, akanywa, akanigeukia mimi niliyekuwa mbali, akasema, "Mungu amrehemu dada yako. Naye alijua kupika uji." Wewe ulikuwa umesimama mbele yake. Nikamwambia Baba, mbona unasema hivyo, si huyu hapa. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama aliyefiwa.

Ikawa hivyo kwa wote. Hawakukukimbia, hawakukuogopa, walikuwa wamekwisha kukulilia. Mwenye waho, ule mtumbwi wa kuvushia watu, aliondoka kwenda ng'ambo mguu wako mmoja ukiwa tayari ndani, ukaanguka majini, hakugeuka. Mama wa yule mtoto alisema, "Angekuwapo marehemu angemsukia mwanangu," nawe ulikuwa unamshikia mtoto. Mimi peke yangu nilikuona, na hata mimi ilibidi nikutafute kwa macho, hasa mchana. Asubuhi ulikuwa wazi zaidi. Niliongea nawe kwa sauti kubwa mbele za watu makusudi, wakaanza kunionea huruma na mimi.

Ndipo ukasema utakwenda Malindi. "Nitawafumulia wao kwanza," ukasema. "Niliwafunga bila kuwauliza. Kisha nitautafuta wangu." Hukuchukua kitu. Salimu alikuwa kivukoni Garsen akifunga turubai, ukapanda nyuma juu ya magunia, hakukuona. Mimi nilisimama barabarani. Lori lilipoondoka na vumbi kutulia, niliwaona wale warefu. Walikuwa wamejipanga kandokando ya barabara ya Tarasaa mpaka macho yanapoishia, kila mmoja peke yake kwenye jua, kivuli kifupi miguuni. Lori likipita mbele yake, mmoja anageuka, anaanza kulifuata, akiburuza mguu. Uliinua mkono. Sijui uliniinulia mimi au wao.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe ulikwenda ugenini, mavuno yakaja, hukurudi. Nikafunga safari.

Hoteli niliipata. Mikeka ilikuwa imetundikwa ukutani, dada, imesimama wima kama nguo zilizoanikwa. Na kila mmoja upande wake mmoja ulikuwa umefumuliwa, miyaa inaning'inia vizuri, kama inavyotakiwa. Nilikaa sakafuni nikacheka, wakadhani nina wazimu. Mama mmoja wa Kigiriama aliyekuwa akipiga deki akanijia.

"Wacheka? Sisi hatuicheki, mama. Twaitia uzi, kesho yafumuka. Bwana asema ni panya. Panya gani afumuaye akafuata mstari? Kulikuwa na mama akifagia hapa. Hakuandikwa kazi, hakulipwa, wala hatukumwona vizuri. Wamwona akigeuka pembeni, basi. Mikeka ilipokwisha kufumuka yote, hatukumwona tena."

Nikamuuliza juu ya mkeka wenye weupe katikati. Akatikisa kichwa. Ule haukutundikwa. Ulipitia hapo siku moja tu, kila mtu akaja kuutazama kimya, kisha Mzungu aliyeununua akapanda nao meli kwenda kwao.

Kwa hiyo najua mambo mawili. Wale wengine uliwaacha huru. Abdi anasema mlangoni kwake sasa wanasimama wateja tu. Na wewe bado umefungwa, kwenye nyumba ya mtu, ng'ambo ya bahari, ukutani.

Niliporudi, nikaketi mahali pako, nikaanza kukusukia. Cheka tu. Vidole ni vile vile. Sikukukazia macho safari hii, hukuwepo wa kukaziwa, nilikukumbuka tu. Njia zangu zimepinda, nyingine zimesahau zilikokuwa zikienda, na ule weupe wa katikati sikuthubutu. Niliogopa kuacha nafasi mahali ambapo sikujua kinachokosekana. Upande mmoja nimeuacha wazi, na utabaki wazi maadamu mimi ni hai.

Sasa nisikilize. Siku moja nilitoka kwenda kufukuza nyani kwenye mahindi, jua likiwa juu. Niliporudi ukili ulikuwa umeongezeka. Kidogo tu, upana wa kidole. Nilijua si mimi, kwa sababu ulikuwa umenyooka. Nikakohoa mlangoni, nikaingia, hapakuwa na mtu. Tangu hapo kila nikitoka adhuhuri nauacha wazi sakafuni na miyaa kando, iliyolowekwa vizuri, na nikirudi hukuta umekua. Njia zangu zilizopotea zimeanza kuonyeshwa pa kwenda. Na juzi, katikati, nimeona weupe unaanza. Bado haujatosha kiganja. Naogopa, ndiyo. Lakini ninaloweka miyaa.

Jana Baba alipomaliza uji wake alifuta mdomo akaniuliza, "Dada yako bado hajarudi?"

Bado hajarudi, alisema. Hakusema marehemu. Nilitoka nje nikalilia kwenye kinu.

Na leo Salimu amepita. Lori lake limezeeka, naye pia. Aliingia kuomba maji, akauona mkeka, akapiga magoti, akataka kuugusa asithubutu.

"Huu, dada, wauzaje?"

"Una mwenyewe," nikamwambia.

"Yuko wapi mwenyewe, niongee naye?"

"Ametoka kidogo," nikasema. "Kunywa maji yako."

Basi dada, nimefika mwisho wa karatasi wala si mwisho wa maneno. Usiwe na haraka huko uliko. Miyaa ipo, mlango uko wazi, na wakati huu nimeshika ncha, siiachii. Ninapoandika haya ni mchana, jua limesimama, na kuku wako uani wanapiga makelele.

Mimi mdogo wako,
mwenye vidole vizito.